Ushuhuda Niliotoa Ndalu

Mbogo, zima hiyo simu. Wateja wako watangoja, mimi ndiye sina muda wa kungoja. Wamboi, niinue kidogo, mto huu umenizamisha. Hapo sawa. Nelima, njoo ukae hapa mbele yangu, si huko karibu na mlango, na uchukue lile daftari la watoto na kalamu, kwa sababu kuna maneno nitakwambia uandike, na nikikwambia andika, uandike vile nimesema. Watoto wabaki kwa jirani mpaka jioni. Nimewaita nyinyi watatu tu, wanangu wawili na mke wa mwanangu, na ninayotaka kusema nimeyapanga tangu daktari aliponiambia kwamba figo zangu zimechoka, kwa hivyo asinikatize mtu kwa kunionea huruma, ati mama pumzika, ati mama utapona. Nina miaka sabini na tisa. Nimezika mume, nimezika dada zangu wawili, hakuna marefu yasiyo na ncha, na mwenye machozi ayaweke kwa baadaye.

Nianze na shamba, maana najua ndilo mnalolifikiria hata kama mmeinamisha vichwa. Zile ekari nne alizotuachia Hiram baba yenu nimeshazigawa, karatasi ziko kwa wakili, na hakuna wa kuzibadilisha. Mbili za chini, upande wa mto, ni za Mbogo. Mbili za juu pamoja na nyumba hii ni za Wamboi, na wewe Mbogo usikunje uso, dada yako ameniosha na kunilisha miezi minane, wala yeye sikumwokota njiani. Kuhusu baba yenu mdogo Gathii, ambaye alisogeza ua hatua sita ndani ya shamba letu nikiwa bado niko matangani, nimepigana naye kwa chifu na kwa wazee miaka kumi na minne, na leo nasema mwacheni. Si kwamba ana haki, mwizi ni mwizi, lakini amezeeka, watoto wake wenyewe wanamwonea haya, na ugomvi ni mzigo mbaya wa kumrithisha mtu. Mpima ardhi aitwe siku Gathii atakapofunga macho, si kabla ya hapo, na maji ya kisima chetu asinyimwe hata siku moja.

Hayo ndiyo mepesi. Sasa nakuja kwa ile kazi.

Kazi ya trifala, ule unga wa tumbo, mliikuta nyumbani mkiwa wadogo, mkadhani ilianza na mimi. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi jikoni kwa Kantaben, yule mama Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa pale Kitale mjini, mwanamke mfupi, mdomo mkali, roho safi, na kwao unga huo haukukosekana kama vile chumvi haikosekani kwetu. Matunda matatu makavu, amla, harde na baheda, yanatoka kwao India kwenye magunia. Alinifundisha kutoa kokwa kwa mkono, kutwanga kila tunda peke yake kwa sababu moja gumu na jingine lina nyuzi, kuchekecha mara mbili kwa kitambaa cha pamba, kisha kuchanganya harde kipimo kimoja, baheda viwili, amla vinne. Siku moja nilitwanga yote pamoja ili nimalize haraka, akaumwaga unga wote majivuni akaniambia nianze upya. Kijiko kimoja kidogo katika maji ya uvuguvugu, kabla ya kulala, basi. Nilimwuliza unatibu nini, akanicheka. Akasema, "Tumbo, Nyaruai. Tumbo likienda vizuri mtu anaamka bila kugombana na watu." Hiyo ndiyo ahadi yote aliyonipa, na hakuongeza nyingine mpaka alipohamia kwa watoto wake ng'ambo na kuniachia kinu chake cha shaba.

Na mimi niliuza hivyohivyo miaka mingi. Wa Kitale walinunua, wa Moi's Bridge walinunua, wenye tumbo gumu walipata nafuu wakarudi na majirani zao, na sikuwahi kupiga kelele sokoni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na unga wangu wakati huo haukuhitaji kutembezwa na mtu.

Sasa, Mbogo, yale makaratasi yako ya kubandika kwenye chupa za unga. Wamboi aliniletea moja juzi nikaisoma kwa macho haya mabovu. Nimo mimi, nimevaa kitambaa changu cha kanisa, nacheka, na chini ya kidevu changu imeandikwa huponya sukari, huponya presha, huponya vidonda, huponya ugumba. Hata ugumba, mwanangu. Nilikuuliza ni nani aliyekwambia mambo hayo, ukanijibu, "Mama, si ni wewe ulisema kanisani?" Nikaikunja ile karatasi, nawe ukadhani umenishinda. Hukunishinda, ulisema kweli tu. Nilisema kanisani, na ndiyo sababu nimewaketisha hapa.

Ni miaka kumi na moja sasa tangu nipatikane na ugonjwa wa sukari. Hamkujua, najua hamkujua, mlikuja kujua juzi hospitalini mkadhani ni jambo jipya. Nilipimwa mbali na hapa, mahali ambapo hakuna aliyenijua, nikapewa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na nikavificha ndani ya ule mkebe mwekundu wa majani chai, kule nyuma ya rafu. Kwa nini nilificha? Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipopotea. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nilikuwa Mama Trifala. Niliona aibu, mwuza dawa kuonekana kwenye foleni ya dawa za wengine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yangu niliyoyaficha yalimuumbua mtu mwingine.

Basi sukari ikashuka, kwa vile vidonge na kwa kuacha soda na mkate. Nikapata nguvu, watu wakaniona, wakaanza kuuliza. Ikafika semina ya akina mama kule Ndalu. Mnajua wenyewe ushuhuda unavyokwenda: mtu anasimama, anaanzisha pambio, anasema Bwana asifiwe, watu wanaitikia, na mpaka hapo amekwisha kupanda, hawezi kushuka bila kusema jambo kubwa. Nani atasimama mbele ya wanawake mia tatu aseme nilimeza kidonge asubuhi na jioni, nikapata nafuu kidogo? Hiyo si habari ya kupigiwa vigelegele. Nikasema nilikuwa na sukari. Nikasema nilikunywa trifala na kuomba. Nikasema daktari alipima tena akashangaa. Ukiyachukua moja moja, yote hayo ni kweli. Vidonge sikuvitaja. Wakapiga vigelegele, na mimi, Mungu anisamehe, nikavipenda vile vigelegele. Nikaalikwa kwingine nikarudia, nikaalikwa tena nikarudia, na ushuhuda una tabia ya kunenepa kila unapotolewa, mpaka mara ya nne daktari akawa amepiga magoti akilia. Hakuna daktari aliyelia, watoto wangu. Daktari aliniambia niwe natembea kwa miguu.

Siku ile ya Ndalu, safu ya tatu, aliketi mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, alikuwa ametoka Bumula kuja kumwona dada yake. Nelima, unamjua. Ni mama yako.

Usiandike bado. Niangalie mimi.

Phelista alikuwa na sukari kwa miaka sita, anameza vidonge vyake, mguu mzima, anapalilia mahindi yake mwenyewe. Baada ya Ndalu akaanza kuja hapa kila mwezi kuchukua unga, wewe ukimbebea kikapu, ukawa unakaa pale nje na Wamboi mkichambua mboga. Tulipendana. Si mapenzi ya mwuzaji na mnunuzi, nasema tulipendana, alikuwa ananiletea simsim na ndizi za kwenu, ananicheka Kiswahili changu na mimi namcheka chake, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake. Mwezi wa tatu akaja na furaha usoni. Akafunga mlango wa jikoni, akanishika mkono, akaniambia polepole kama mtu anayetoa zawadi, "Mama Mbogo, nimevitupa. Vidonge vyote nimevitupa chooni. Nimebaki na unga na maombi, kama wewe."

Mkebe wa majani chai ulikuwa nyuma ya bega lake, Nelima. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemeza changu. Ningeweza kuufungua nikamwonyesha. Ningeweza kumwambia, dada yangu, mimi sijaacha, rudi hospitali leo hii, na maneno hayo yasingechukua hata muda wa kuchemsha chai. Nilifikiria Ndalu, nikafikiria wale wanawake mia tatu na vile watakavyonitazama wakijua, na nikamwambia, "Mungu ni mwema." Nikampa unga wa bure. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyemwuguza. Kidole kikapata kidonda, mkakiosha kwa maji ya chumvi, akakataa hospitali kwa kuwa Mama Mbogo hakwenda hospitali akapona, na siku mliyombeba kwa nguvu maji yalikuwa yamezidi unga. Nikaja Bumula kumzika. Baba yako Walubengo, mtu wa heshima zake, alinisimamisha mbele ya waombolezaji akanishukuru kwa vile nilivyomtunza mkewe, akanipa jogoo mwekundu nirudi naye nyumbani. Nilimpokea. Nilimpakata njia nzima mpaka Kitale, sikuweza kumchinja, sikuweza kumwuza, akaishi hapa uani miaka minne mpaka uzee ukamwua, nanyi mlikuwa mkinicheka kwamba nampenda kuku kuliko watu.

Ni kwenye matanga hayo Mbogo alipokupenda, na mwaka uliofuata tukaja kwenu na mahari. Watu walisema urafiki wa akina mama umezaa ndoa, nikacheka nao. Mkazaa msichana wa kwanza, mkamwita Nyaruai, jina langu. Mkazaa wa pili, na kwa desturi yetu akachukua jina la mama yako. Miaka saba nimesimama mlangoni pa jikoni nikiita Phelista njoo ule, Phelista vaa sweta, Phelista acha kumvuta paka mkia, na hakuna siku jina hilo limepita kinywani mwangu bila kuniuma.

Unasimama. Simama, ni haki yako. Mbogo, mwachilie mkono. Mwachilie, nimesema. Mlango uko wazi, Nelima, ukitaka kutoka toka, ukitaka kupiga mayowe piga, hata ukitaka kunitukana nitukane hapa hapa, nimekusikia ukiimba katika nyumba hii miaka tisa na hayo pia nitayasikia. Sikuombi msamaha. Mtu anayekufa akikuomba msamaha amekufunga mikono, utamkatalia vipi? Huo ni wako, kaa nao, na ukiamua kutonipa, mimi na Mungu tutajuana.

Wamboi, maji. Kidogo tu, unilowanishe midomo.

Umeketi. Sikutegemea. Asante, binti ya Walubengo.

Sasa nisikilizeni, maana pumzi inakuwa fupi na sitarudia. Mbogo, makatoni yale yote ya makaratasi yachomwe leo jua likiwa bado liko juu, na uyachome mwenyewe, usimtume mtu. Nauona mdomo wako unacheza. Najua umeshakodi chumba cha duka Bungoma mjini, umeshapaka rangi, umeshaambia watu. Uliniambia kila mtu anauza hivyo. Kweli, ukitembea soko lolote utakuta chupa zinazoponya kila kitu isipokuwa njaa ya anayeziuza. Wauze wao. Mama mkwe wako alikufa kwa maneno hayo uliyoyaandika chini ya uso wangu, mtoto wako ana jina lake, na kama baada ya kujua haya utaweza kubandika karatasi moja tu kwenye chupa moja, basi mimi sikuzaa mtu.

Kazi hii, kinu, vitambaa vya kuchekechea, vipimo na jina langu, sikupi wewe. Wamboi pia simpi. Nampa Nelima, kwa sababu ndiye aliyeilipia kuliko sisi sote. Akisema kinu kiuzwe vyuma vikuukuu, kiuzwe. Akisema kazi iendelee, itaendelea kwa amri yake, na karatasi itasema unga huu hulainisha tumbo, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko jina langu, itasema usiache dawa ya hospitali. Mwenye sukari akija aulizwe kwanza anameza nini, arudi akamwulize daktari wake, na akiona mnamsumbua aende akanunue kwingine.

Na mazishi yangu. Mtataka kusoma alizaliwa wapi, aliokoka lini, alikuwa mama mpenda watu. Someni upesi. Kisha Nelima asimame asome haya atakayoandika sasa. Watu wa Ndalu waitwe, wote, hata wale wa mbali, kwa sababu walionisikia siku ile hawajafa wote, na sijui ni wangapi walikwenda nyumbani wakafanya alivyofanya Phelista, wengine labda hata leo wanakunywa unga wangu peke yake na wananisifu. Hao ndio ninaowakimbilia. Mchungaji akisema haifai kusoma mambo kama hayo mbele ya jeneza, mwambieni marehemu amekataa kuteremshwa mpaka yasomwe, na atakaa hapo juani. Walubengo asiyasikie mbele za watu. Mbogo, utakwenda Bumula kwanza, ukae chini mbele ya mkwe wako, umwambie yote kama nilivyowaambia, na akikufukuza utoke kwa adabu, na kesho yake urudi.

Sasa andika, Nelima. Mimi Nyaruai, mjane wa Hiram, nilisimama Ndalu nikasema trifala imeniponya sukari. Umeandika? Haikuniponya. Nilikuwa nikimeza vidonge vya hospitali kila siku, asubuhi na jioni, na nilivificha. Phelista wa Bumula aliniamini akaviacha vyake. Aliponiambia ameviacha, sikumzuia, na akafa. Walionisikia, warudi hospitali. Hayo tu. Usiongeze Biblia.

Pumua kwanza, mimi bado nipo.

Nisomee.

Hapana. Rudi nyuma. Hapo kwenye vidonge, umesoma nini? "Nilisahau kuvitaja." Mimi sikusema nilisahau.

Nelima, mwanangu. Wewe ndiye umenihurumia, wewe wa kwanza katika dunia nzima, na hujamaliza hata saa moja tangu ujue. Nimeiona huruma hiyo na nitaondoka nayo, sitamwonyesha mtu. Lakini kifute hicho kitu. Mtu aliyesahau, watu watamsamehe wakinywa chai, waseme alikuwa mzee, kisha waende nyumbani na hakuna atakayerudi hospitali. Sikusahau hata siku moja. Andika nilificha.

Nyosheni mikono, wote. Leteni karibu, siioni vizuri. Wazee wetu walibariki kwa mate, na yangu yamekauka, mtanivumilia. Mbogo, upate riziki ambayo unaweza kueleza ilikotoka. Na kiburi chako, ambacho ni changu, kiishie kwako. Wamboi, mikono hii iliyonigeuza kitandani, isikose wa kuigeuza siku yake. Nelima... mkono wako ni baridi. Wewe sina uso wa kukubariki. Nakuombea tu... watoto wako wakuamini, na usiwe na la kuwaficha. Nendeni kwa amani, msigombane juu ya... msigombane.

Wamboi, niteremshe. Polepole.

Mbogo asitoke bado, asikie. Soma, Nelima. Tangu mwanzo, kama utakavyosoma siku ile. Kwa nguvu, masikio yangu yako mbali. Na ukifika hapo kwenye nilificha... usiteremshe sauti.